Kuirusha droni mpya ya mbio bila kumwita mkwezi

Droni yangu ya kwanza ya mbio ilikaa angani kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi. Niliitoa kwenye boksi, nikachaji betri, nikavaa miwani inayoonyesha picha ya kamera yake, nikapiga resi. Ikaenda kunasa kwenye makuti ya mnazi hapa Bagamoyo, ikabidi nimtafute mkwezi. Alipofika juu akaniita, "Fundi, kidude hiki hakinikati vidole?" Ndipo nilipokumbuka kwamba swichi ya mota sijaizima. Elfu kumi aliyonitoza ilikuwa halali yake.

Siku hizi vijana wananiletea droni zao zilizoungwa tayari kiwandani, nizijaribu kabla hawajazigusa. Neno "tayari" lisikudanganye: maana yake imeungwa, si kwamba imekaguliwa. Nimeshakuta nati ya pangaboi iliyokazwa kwa vidole tu, na skrubu ya mota iliyo ndefu kupita kiasi mpaka inagusa waya wa shaba ndani. Hiyo ya pili hunusi kitu mpaka mota iungue.

Tena, kama umezoea droni za kupigia picha za harusi, sahau ulichozoea. Zile ukiachia stiki zinasimama angani zenyewe kwa msaada wa GPS. Ya mbio kwa kawaida haina adabu hiyo. Ukishusha resi yote, inadondoka kama embe.

Anzia mezani, pangaboi zote nne zikiwa zimetolewa. Hapa sina mjadala. Droni ya pangaboi za inchi 5 yenye betri ya seli 6 inakata nyama, na kompyuta ikikosea amri moja, mota zinawaka mbele ya uso wako.

Funga antena ya video kabla ya kuchomeka betri, maana kirusha picha kikiwashwa bila antena kinaweza kuungua. Kisha usichomeke betri moja kwa moja. Mimi nimetengeneza waya wenye balbu ya indiketa ya lori, ya volti 24, imekaa katikati ya betri na droni kwenye waya mmoja. Balbu ikimweka kidogo kisha ikafifia, mambo ni shwari. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti, chomoa. Balbu ya bei ndogo imeniokolea bodi tatu.

Unganisha na kompyuta, fungua Betaflight, programu ya kupangia droni, uzungushe mota moja moja kwa resi ndogo. Kwa mpangilio wa kawaida, namba 1 ni ya nyuma kulia, 2 mbele kulia, 3 nyuma kushoto, 4 mbele kushoto. Ukiona mota inazunguka haraka mno usijue inaelekea wapi, chukua kipande cha karatasi ukiguse nacho pembeni: karatasi itapinda kufuata mzunguko. Linganisha na mchoro ulio kwenye programu. Droni nyingi za siku hizi zimegeuzwa mzunguko makusudi, kwa hiyo fuata mchoro wa droni yako, si wa jirani.

Halafu jaribio ambalo watu wengi wanaliruka: pangaboi bado hazipo, washa mota kwa swichi, pandisha resi kidogo, kisha zima rimoti. Mota lazima zisimame ndani ya muda mfupi. Zikiendelea kuzunguka, droni hiyo haitoki nyumbani. Ikipoteza mawasiliano angani itakwenda inakotaka, na Bagamoyo bahari haiko mbali.

Sasa funga pangaboi. Ukingo ulioinuka ndio unaotangulia kukata upepo. Spana namba 8, kaza mpaka ncha ya mhimili wa mota ipite plastiki iliyo ndani ya nati. Pangaboi moja ikifungwa kinyume, droni itapinduka palepale chini, na utaanza kumlaumu aliyekuuzia.

Uwanja nao una mambo yake. Tanzania droni inataka kibali, na wenye anga ni TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Kenya ni KCAA. Mbali na hao, mimi humwarifu mwenyekiti wa mtaa, maana kitu kinacholia kama nyigu juu ya paa za watu huzaa maneno. Chagua eneo la wazi lenye nyasi, pasipo ng'ombe wala watoto wanaokwenda shule. Huku pwani upepo wa bahari huongezeka mchana, kwa hiyo mimi huwa uwanjani saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kasoro ya saa hiyo ni kunguru. Wakianza kuizunguka, shuka, subiri wachoke.

Nenda na mtu. Ukishavaa miwani huoni kilicho nyuma yako wala juu yako. Mpwa wangu ndiye macho yangu, na tumekubaliana maneno mawili tu: "Shusha, mjomba!" na "Zima!" Akisema la pili nazima mota bila kuuliza, hata droni ikiwa juu.

Mruko wa kwanza usivae miwani kabisa. Weka droni mita kumi mbele yako, mkia ukikuelekea, katika hali ya Angle, ambayo inajisawazisha yenyewe ukiachia stiki ya kulia. Hakikisha betri imejaa, volti 4.2 kila seli. Washa mota, sikiliza. Mlio uwe mmoja, laini. Ukisikia kitu kinakwaruza, zima. Ipandishe hadi usawa wa kifua, haraka kidogo, kwa sababu karibu na ardhi upepo wake wenyewe unaiyumbisha. Iache hapo sekunde thelathini. Kulia kidogo, kushoto kidogo, mbele, nyuma. Shusha, zima, chomoa betri.

Halafu ziguse mota zote nne. Uvuguvugu ni sawa. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, au huwezi kuweka kidole, tatizo liko hapo: pangaboi imepinda, skrubu inagusa, au mipangilio ya kiwandani haikuifaa fremu. Usiirushe tena mpaka ujue ni lipi.

Zikiwa sawa, vaa miwani. Kamera ya mbio huelekezwa juu sana, nyuzi 30 au zaidi, kwa sababu droni ikikimbia huinamisha pua. Wewe hukimbii leo. Ishushe hadi 15 hivi, la sivyo utakuwa unatazama mawingu huku unasonga mbele bila kutaka. Zunguka uwanja kwa duara pana, juu kidogo ya kimo cha mtu. Picha ikianza kukatikakatika, geuza urudi ulikotoka, usisubiri ipotee.

Tega saa ya simu dakika mbili. Seli ikifika volti 3.5 ukiwa angani, tua. Betri usiirudishe nyumbani tupu ukaitupa kabatini: isipotumika kesho, ichaji hadi 3.8 kila seli. Ile yenye ujazo wa 1300 mAh naichaji kwa ampea 1.3, na sitoki chumbani inapochajiwa.

Na miwani ukiivua, ifunike au uilaze kioo chini. Lenzi zake zikitazama jua zinakusanya mwanga kama ule mchezo wetu wa utotoni wa kuchoma karatasi kwa kioo. Mpwa wangu aliiacha juu ya boneti mara moja tu, na sasa kila ninaporuka naona doa la njano kwenye kona ya kushoto ya uwanja.