Vinundu kwenye mikaratusi: soma rangi kabla hujashika panga

Huku Tabora mkulima wa tumbaku lazima awe na miti yake ya kulisha bani, yaani banda la kukaushia tumbaku kwa moto wa kuni, na wengi wetu tulipanda mikaratusi. Anayeitesa ni nyigu mdogo wa milimita moja na kidogo, Leptocybe invasa, asili yake Australia. Kenya na Uganda alionekana 2002, kwetu Tanzania 2005. Mti uliokwisha kukomaa anaukera tu. Miche na machipukizi ndiyo anayoyadumaza, hata mengine kuyaua.

Hatua ya 1: Papasa ncha. Kila baada ya wiki mbili pita mistari ukishika majani machanga. Vinundu vyake, yaani uvimbe ambao funza wake hukulia ndani, hukaa kwenye kikonyo na mshipa wa kati wa jani, na kwenye vijiti laini. Ukiona vipele vimetapakaa kwenye bapa la jani tu, huenda ni mdudu mwingine. Mpelekee afisa misitu tawi lenyewe, si maelezo ya mdomo.

Hatua ya 2: Soma rangi. Hapa ndipo wengi tunapokosea. Kinundu huanza kijani, kikageuka waridi kinachong'aa, kisha kikapoteza mng'ao na kuwa chekundu kilichofifia. Mwisho hutokea vitundu vya duara, kama vimetobolewa kwa pini. Vitundu hivyo maana yake nyigu ameshatoka. Ukikata wakati huo unachoma nyumba tupu! Kata kikiwa bado kijani au waridi.

Hatua ya 3: Kata, choma siku hiyo hiyo. Usirundike matawi pembeni ya shamba, maana waliokaribia kukomaa watatoka tu. Chimba shimo, safisha nyasi pande zote, choma jioni upepo ukitulia. Moto ukiingia miombo utajuta.

Hatua ya 4: Visiki. Mwaka niliotahayari nilifyeka shamba zima kwa hasira. Mvua zilipoanza, kila kisiki kikatoa machipukizi laini kwa pamoja, na nyigu wa shamba la jirani wakaja kama walioalikwa. Jike hutaga bila dume, kwa hiyo wachache wanatosha. Siku hizi navuna kwa vipande, na nakubaliana na jirani tusafishe wakati mmoja. Machipukizi yakifika kimo cha mtu nabakiza mawili kwa kisiki, yale yasiyo na vinundu.

Hatua ya 5: Acha bomba la dawa. Funza yumo ndani ya kinundu, dawa ya kupulizia juu haimfikii. Wanaokufa ni nyuki, na sisi huku asali ni fedha, pamoja na nyigu rafiki wanaotaga ndani ya vinundu hivyo hivyo na kumla mwenye nyumba. Mmoja wao, Selitrichodes neseri, Afrika Kusini walimwachia mashambani 2012.

Hatua ya 6: Miche. Mikaratusi ya aina ya camaldulensis na tereticornis hushambuliwa vibaya. Mkaratusi wenye harufu ya limau huguswa kidogo sana, ndio ninaojazia mapengo. Kitaluni usichague kwa urefu wa mche. Inua kila mmoja, geuza majani, papasa vikonyo. Ukikuta kinundu hata kwenye miche mitatu, acha kundi lote hapo hapo, hata kama umeshalipia usafiri.