SOMO: Namna ya kuandaa pendekezo la usanifu wa makumbusho au jengo la umma, hasa kwa sisi wa Mwanza na mwambao wa ziwa

Habari zenu wadau, wakubwa shikamooni. Vijana kadhaa wamenifuata inbox wakitaka niwaoneshe "sampo" ya pendekezo la makumbusho, nikaona badala ya kumtumia kila mmoja faili ambalo atakopi na kubadilisha jina, bora nieleze hapa nnavyofanya mimi. Nimeshinda kazi chache, nimeshindwa nyingi.

Naanza na ya kushindwa. Pendekezo langu la kwanza la makumbusho nililichora na ukuta mzima wa kioo unaoangalia ziwa, picha za thrii-dii zilikuwa tamu mpaka nikaziweka kwenye skrini ya simu. Siku ya kuwasilisha, kwenye jopo kulikuwa na mzee mmoja ambaye maisha yake yote katunza ngoma na vitu vya kimila. Wenzake waliuliza habari za bajeti na maegesho, yeye akaangalia ramani muda mrefu kisha akauliza, "Kijana, saa kumi na moja jioni ngoma yangu itakuwa imekaa wapi?" Nikaonesha pale, karibu na kioo. Akafunga karatasi yake. Sikupata kazi na nilistahili kuikosa.

Hatua ya 1: anza na vitu, jengo baadae

Kabla hujafungua kompyuta omba orodha ya vitu vitakavyokaa humo. Vingapi, vya nini, kikubwa kuliko vyote kina urefu gani na kitapita mlango upi. Mtumbwi wa mita 8 haukunji kona ya korido ya mita 2, utakuja kubomoa ukuta siku ya ufunguzi. Na kila kitu kina masharti yake: nguo, karatasi na ngozi yenye rangi vinatakiwa mwanga wa kama laksi 50 tu (laksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu), mbao unaweza kwenda mpaka 200, jiwe na chuma haviumizwi sana na mwanga ila chuma kinaogopa unyevu, na sisi ziwa liko mlangoni. Ngoma kinachoipasua sana ni unyevu kupanda na kushuka ghafla, ngozi inavuta na mbao inavuta kila mmoja kwa spidi yake.

Mwenye nafasi aende Bujora pale Kisesa, sio mbali na mjini. Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, ndo alianzisha hiyo kazi ya kukusanya vitu vya Wasukuma, na kuna banda la kifalme limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Nenda ukaangalie vitu vimewekwaje, vumbi linaingilia wapi, watoto wa shule wakija wanasimama wapi. Nusu siku pale inakufundisha kuliko wiki nzima ya kuperuzi picha za Ulaya.

Hatua ya 2: saiti, na hapa msiwe wavivu

Mwanza ni mawe. Ramani ya mpima itakuonesha duara dogo limeandikwa "jiwe" basi, haikwambii kama linafika gotini au ni ukubwa wa hiace. Mimi kuna saiti nilichora mapokezi vizuri kabisa, nikaenda na kamba na mkanda na dogo mmoja anayepasua kokoto jirani, akapanda juu akashusha kamba, tukapima mita 4.6. Jiwe lile lilikuwa katikati ya meza ya mapokezi yangu. Kulipasua ni gharama na ni ujinga pia maana watu wanakuja Mwanza kuangalia mawe, Bismarck Rock yenyewe ni nini kama sio mawe yamekaa majini? Nikalizungushia ua, likawa ndo kitu cha kwanza mgeni anakiona. Pia waulize wenyeji kabla hujaligusa, kuna mawe yana mambo yake, watu wanafanyia tambiko, halafu wewe unaweka choo hapo.

Kuhusu ziwa, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kifungu cha 57 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Nimeona mapendekezo mazuri yanakufa kwa hilo tu, mtu kaweka mgahawa juu ya maji. Na usipime hizo mita 60 siku maji yamerudi nyuma ukafurahi. Mwaka 2020 ziwa lilipanda mpaka kwenye viwango ambavyo havijaonekana tangu 1964. Waulize mama ntilie na wavuvi wa hapo maji yalifika wapi, watakuonesha mpaka mti, weka alama, chora levo yako kutoka hapo.

Hatua ya 3: orodha ya vyumba na mita zake

Hii ni hesabu tu ila ndo inayowaumbua wengi. Tuseme mteja kaandika jengo la mita za mraba 1,200. Unapanga: maonesho 420, stoo 200, chumba cha kupokea na kutibu vitu 70, ofisi 90, darasa 80, mgahawa na duka 110, vyoo 60. Jumla 1,030, unajiona umebakiza. Sasa weka korido, ngazi na unene wa kuta, mimi huwa naongeza asilimia 35, inakuja 1,390. Umeshazidi kwa mita 190 na hujachora hata mstari. Wengi hapo wanakata stoo. Usikate stoo!! Makumbusho karibu zote vitu vingi vinakaa stoo, vya maonesho ni sehemu ndogo. Kata mgahawa, punguza ofisi ya meneja, yeye hataliwa na mchwa.

Halafu njia mbili zisikutane: njia ya mgeni na njia ya kitu. Kitu kinaingia nyuma, kinashuka kwenye gari chini ya paa, kinapita chumba cha kutengwa kwanza kwa ajili ya wadudu, ndo kiende stoo.

Hatua ya 4: wazo

Kifupi: acheni umbo la samaki. Kila mtu Mwanza anachora sato. Kule Bujora umbo la kiti linafanya kazi kwa sababu ni banda dogo na wenye kiti ndo wenye banda, lakini jengo la ghorofa mbili lenye mkia wa zege linachekesha, na umbo lenyewe wanaliona ndege wa angani tu. Wazo liandike kwa sentensi mbili za Kiswahili cha kawaida, ukishindwa huna wazo bado.

Hatua ya 5: jua, hewa na wadudu

Hapa ndo mtihani wa mji wetu. Kwa mwambao wa mjini, Capri Point mpaka Kirumba, ziwa lenye mandhari liko magharibi na jua kali la jioni nalo liko magharibi. Mteja anataka aone maji, ngoma haitaki kuona jua. Mtasema mtaongeza paa litoke nje, haya tupige hesabu: saa kumi na moja jioni jua letu liko nyuzi kama 27 juu ya upeo wa macho, paa likitoka mita 1.2 linakupa kivuli cha sentimita 60 tu ukutani, ukuta wako una mita 3, zilizobaki zote zinaungua. Kwa hiyo paa peke yake haliwezi. Nnachofanya siku hizi upande wa ziwa naweka vitu visivyoogopa mwanga, yani baraza pana, mgahawa, ngazi, sehemu ya watu kukaa na soda, na nje yake vizuizi vya kusimama wima. Vyumba vya maonesho navirudisha ndani nyuma ya hiyo baraza, mgeni anatoka gizani kidogo anakutana na ziwa lote kwa mara moja, na hapo ndo picha zinapigwa.

Paa la bati, weka mawili. Francis Kéré wa Burkina Faso, aliyepata tuzo ya Pritzker 2022, shule yake ya Gando kainua bati juu ya dari ya udongo, hewa ya moto inapita katikati inaondoka zake. Haihitaji umeme, na Tanesco wakikata ngoma zako hazijui. Kumbuka na mvua yetu inavyopiga bati, ukumbi wa mikutano bila dari nzito hamsikilizani.

Wadudu sasa. Wale inzi wadogo wa ziwani wanaotoka kama moshi, taa ukiwasha nje karibu na mlango usiku umewaita wote. Taa ziwe mbali na mlango, milango miwili yenye kijichumba katikati, nyavu kwenye matundu yote, na nyavu iwe ya kuchomoa ili ioshwe maana itaziba. Mchoraji kutoka mbali hajui hili, hapa ndo unamshinda.

Hatua ya 6: karatasi zenyewe

Ramani ya eneo 1:500, plani na seksheni (mchoro wa jengo kama limekatwa wima ukaona ndani) 1:200, modeli ya maboksi inatosha kama mikono yako misafi. Seksheni ndo inabeba kila kitu nilichosema hapo juu, jua, mwinuko, jiwe, maji, ichore kubwa. Picha za thrii-dii mbili tatu basi, na watu ndani wawe watu wetu, sio wazungu wamevaa makoti kwenye jua la Ilemela.

Kwenye ngazi chora na njia ya kiti cha magurudumu tangu siku ya kwanza. Mteremko ni 1 kwa 12, kwa hiyo mwinuko wa mita 1.8 unataka mita 21.6 za njia, ukiweka na sehemu mbili za kupumzikia unafika kama mita 25. Kwenye vilima vyetu hizo mita 25 zinabadilisha plani nzima, usizifanye kiraka.

Hatua ya 7: makaratasi na hela

Kazi za serikali zinatangazwa NeST, mfumo wa manunuzi ya umma mtandaoni. Jengo la umma lazima lipitie kwa mbunifu aliyesajiliwa AQRB, yani bodi ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, mkadiriaji (anayepiga hesabu za gharama) naye vilevile. Angalia kiwanja kiko Nyamagana au Ilemela, maana kibali ni Jiji au Manispaa, nimeona watu wamepanga foleni ofisi isiyo yao. Zimamoto na watu wa mazingira (NEMC) waone mapema.

Na weka ukurasa mmoja wa utunzaji: nani anafuta gata (mifereji ya maji ya paa), kila baada ya muda gani, anapandaje juu. Beit al-Ajaib, ile Nyumba ya Maajabu ya Zanzibar ya 1883, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 ikiwa kwenye ukarabati. Jengo la kihistoria kabisa. Mimi huo ukurasa naupeleka kwa mlinzi na fundi wa hapo wausome kabla ya mkurugenzi.

MASWALI YA WADAU

Kijana wa Igogo: Mkuu shukrani sana. Mimi niko mwaka wa tatu chuo, sijasajiliwa, je naweza kushiriki mashindano ya kimataifa? Kuna faida?

Unaweza mengine, soma masharti. Faida ni portfolio (mkusanyo wa kazi zako) na kukomaa, usihesabu hela. Lile la makumbusho ya Guggenheim kule Helsinki, Finland, yaliingia mapendekezo 1,715, mshindi akapatikana, halafu 2016 baraza la jiji likapiga kura ya kuukataa mradi. Kwa hiyo hata aliyeshinda hakujenga. Kwa kazi za hapa jiunge na ofisi iliyosajiliwa, chora chini ya mwenye muhuri.

Binti Ukerewe: Kaka samahani, kama makumbusho ni ya ziwa, ile meli iliyozama ya MV Bukoba tunaiwekaje? Nina ndugu alikuwemo.

Pole sana dada. Kwanza wafiwa wakae mezani kabla ya mchoro, sio kualikwa siku ya kukata utepe. Kiusanifu mimi nisingeiweka kwenye njia ya lazima, maana kuna mtu kaja na watoto kuangalia samaki na kuna mtu kaja analia. Chumba cha pembeni chenye mlango wake, kiti cha kukaa, majina kama familia zimekubali, tarehe 21 Mei 1996, na dirisha dogo la maji au pasiwe na dirisha kabisa, hilo waamue wenyewe. Wengine hawataki kuyaona yale maji. Na makaburi ya wahanga pale Igoma yapo, usijenge kitu cha kushindana nayo, elekeza watu huko.

Fundi Sengerema: Mzee unasema mawe yaachwe, mbona sisi tunapasua kila siku na nyumba zinasimama?

Fundi wangu sijakataa, msingi juu ya mwamba ni raha, unaokoa zege. Nachokataa ni kupasua lile lenye sura. Hayo madogo pasua ujengee ukuta, tena andika kwenye pendekezo kwamba mawe na mafundi ni wa hapahapa. Kule Afrika Kusini kituo cha wageni cha Mapungubwe vigae vya udongo na saruji vilifyatuliwa na watu wa eneo lile, na jengo likachukua tuzo ya jengo bora la mwaka duniani 2009.

Mama Kirumba: Mwanangu, vyoo mita 60 kwa basi tatu za wanafunzi?

Shikamoo mama. Umenikamata. Ziwe 80, natoa hizo 20 kwenye duka.