Somo: Hija ya maaskofu Roma huanzia kwenye daftari la parokia

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa. Baada ya Misa Jumapili wengi mliniuliza maana ya "Ad limina". Ndilo jina la Kilatini la hija hii. Limina ni vizingiti: askofu huenda Roma, kwenye vizingiti vya Mitume Petro na Paulo.

Hatua ya kwanza ni ripoti. Kanuni ya 399 ya Sheria za Kanisa Katoliki humtaka askofu aeleze hali ya jimbo lake kila miaka 5. Idadi ya waliobatizwa na waliofunga ndoa haitungwi ofisini kwa askofu, inatoka parokiani. Mwaka jana nilifungua daftari la ubatizo lililoliwa na unyevu wetu wa pwani. Kurasa zimegandana, wino umesambaa, jina la mtoto lasomeka, la msimamizi limepotea. Niliumia. Makatekista wenzangu, nawasihi, andikeni siku ile ile ya ubatizo, na daftari lisikae karibu na dirisha.

Hatua ya pili, ripoti hutangulia Roma miezi kadhaa ili isomwe.

Tatu, maaskofu wa Kenya husafiri pamoja, wetu wa Mombasa na wenzake wa Malindi na Garissa wakiwemo. Husali kwenye makaburi ya Petro na Paulo, ndiyo maana tunaiita hija.

Nne, huzungumza na Mabaraza ya Kipapa, yaani ofisi zinazomsaidia Papa, na kuonana na Baba Mtakatifu. Aprili 2015 walifika kwa Papa Francisko wiki mbili tu baada ya mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa, naye akawataja marehemu wale katika hotuba yake. Kilio cha huku kilikuwa kimefika.

MASWALI

Mama wa Likoni: Askofu akiugua, je, hija inavunjika?
Jibu: La, mama. Kanuni ya 400 inamruhusu kumtuma askofu msaidizi, au padre anayefaa wa jimbo lake.

Kijana wa Changamwe: Na askofu aliyesimikwa juzi?
Jibu: Zamu ya ripoti ikimkuta ndani ya miaka 2 ya kwanza, anaweza kutoiandika safari hiyo.

Katekista wa Mikindani: Mwalimu, daftari letu limeshaharibika. Tulinakili upya?
Jibu: Msianze peke yenu, ndugu yangu, wala msilitupe. Mpelekeeni paroko. Akikubali, ziombeni familia zilete kadi za ubatizo, mlinganishe jina kwa jina mbele yake. Wazee wa jumuiya wanakumbuka wasimamizi wengi, waiteni mapema.