Banda kwanza, vifaranga baadaye

Kama familia yenu ndiyo inaanza kufuga kuku nyumbani, malizeni banda kabla ya kuleta vifaranga. Wakifika wiki 6 hivi wameshaota manyoya na boksi haliwatoshi tena. Na tafadhali, msibane matumizi kwenye wavu. Ule mwembamba wa kuku huwazuia kuku wasitoke, lakini mbwa huuchana na kicheche hupenya. Chukueni wavu mgumu wenye matundu yasiyozidi sentimita 1.3, muufukie kama sentimita 30 ardhini kuzunguka banda, maana maadui wengi huchimba. Hewa ipite juu, karibu na paa, unyevu utoke bila upepo kuwapiga kuku waliolala. Mlango wafunge watoto jioni, ila mtu mzima akahakikishe.