Somo: Kumwandaa mtafiti mpya kuomba ridhaa

Mtafiti mpya wa tiba hukosea zaidi kwa haraka kuliko kwa nia mbaya, na haraka hiyo huonekana kwanza kwenye ridhaa, yaani mshiriki kukubali kwa hiari baada ya kuelewa utafiti. Ndiyo maana mimi huanzia hapo, kabla hajagusa sampuli yoyote.

Hatua ya 1. Mpe historia bila kuipamba. Huko Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, wanaume weusi 399 wenye kaswende walifuatiliwa bila kutibiwa, wakidanganywa kuwa wanatibiwa “damu mbaya”. Hata penisilini ilipokuwa tiba ya kawaida, walinyimwa. Muulize: ungekuwa muuguzi pale mwaka 1950, ungemwambia nani? Usimjibie.

Hatua ya 2. Aandike maelezo ya utafiti kwa lugha ya kila siku. “Mililita 10 za damu” ziwe vijiko viwili vya chai. Plasebo iwe kidonge kisicho na dawa.

Hatua ya 3. Waigize kuomba ridhaa wawili wawili, mmoja mtafiti, mwingine mshiriki. Hapa msiharakishe kabisa. Mtafiti asiulize “umeelewa?”, maana karibu kila mtu huitikia ndiyo. Aulize: “Ukirudi nyumbani, utawaelezaje utakachofanyiwa?” Jibu linapokwama, ndipo pa kurudia. Zamu moja mshiriki akatae, ili mtafiti azoee kupokea hapana bila kubembeleza.

Hatua ya 4. Kibali cha kamati ya maadili kitangulie mshiriki wa kwanza. Hili halina mjadala.

Hatua ya 5. Daftari la kumbukumbu za utafiti. Kosa likatwe kwa mstari mmoja, lisomeke, kisha tarehe na saini.

Maswali ya watafiti

*Mwalimu, na asiyejua kusoma?*
Asomewe mbele ya shahidi asiye wa timu yenu. Aweke dole gumba, shahidi atie saini.

*Mgonjwa ninamtibu mwenyewe. Nimwombe?*
Afadhali mwenzako asiyemtibu amwombe. Mgonjwa huogopa kumkatalia daktari wake, hata ukimwambia yuko huru.

*Akijitoa katikati, data zake je?*
Fuata mlichomwandikia kwenye fomu. Kama hamkuandika, rudini kwenye kamati. Matibabu yake ya kawaida yaendelee vilevile.

*Msimamizi anataka niondoe vipimo viwili vinavyoharibu grafu.*
Pole, ndugu, najua ilivyo ngumu kumpinga mkubwa. Muulize kwa heshima: kanuni ya kuviondoa iliandikwa kabla ya kuona matokeo? Kama haikuandikwa, vibaki. Iwapo mashine iliharibika siku hiyo, elezeni hivyo kwenye ripoti na muonyeshe matokeo pamoja navyo na bila navyo. Akishikilia, nenda kwa anayeshughulikia maadili ya utafiti, ukiwa na daftari lako mkononi.