Jinsi ya kuandika wasifu wa mwandishi wa riwaya aliye hai

Mara ya kwanza nilipopewa kazi ya kumtambulisha Abdulrazak Gurnah kwenye kikundi chetu cha wasomaji, nilianza na Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya 2021. Nikaisifia weee! Nilipomaliza, bibi mmoja wa mstari wa mbele akauliza: "Mwanangu, na kabla ya hapo alikuwa akila nini?" Nikabaki natafuna maneno.

Siku hizi naanza na karatasi. Ipige mstari katikati: maisha kushoto, vitabu kulia, miaka ishuke sambamba. Kushoto kwa Gurnah: kuzaliwa Zanzibar 1948, Mapinduzi ya 1964, kuhamia Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960. Kulia hapana kitu mpaka 1987, ilipotoka Memory of Departure. Karibu miaka ishirini mitupu!

Hapo usipite mbio. Ulizia pengo lile lilijazwa na nini. Alianza kuandika akiwa na miaka 21, akasoma, akafundisha Kano huko Nijeria, akapata uzamivu Chuo Kikuu cha Kent mwaka 1982, kisha akafundisha Kent hapohapo hadi kustaafu. Kumbe jibu la bibi lilikuwa jepesi: alikula mshahara wa ualimu.

Tuzo zisikupandishe mori. Riwaya yake Paradise ya 1994 ilifika orodha ya mwisho ya Booker, tuzo kubwa ya riwaya za Kiingereza, haikushinda. Ukiandika "mshindi wa Booker", msomaji makini hatakuamini tena hata kwenye tarehe ya kuzaliwa.

Wala usimvishe mwandishi kanzu ya mhusika wake. Yusuf wa Paradise ni mtoto aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake, zama za Wajerumani. Gurnah alizaliwa miaka 30 hivi baada ya Wajerumani kuondoka.

Kitabu kikiwa na tafsiri, mtaje mfasiri. Peponi, yaani Paradise kwa Kiswahili, ni kazi ya Ida Hadjivayanis, 2022. (Miaka 28 tuliisubiri, na sisi ndio wenye lugha.)

Chini ya karatasi acha nafasi. Mimi niliandika kwamba Afterlives ya 2020 ni "kitabu chake cha mwisho", nikimaanisha kipya zaidi. Mwaka 2025 ikatoka Theft, nami nikashika kalamu nyekundu kukata "cha mwisho" kwenye nakala zote nilizokwisha kuchapa.