Kumtunza mtoto mwenye selimundu nyumbani: anza siku ambayo haumwi

Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto, Kanda ya Ziwa. Wazazi wakiniuliza kuhusu selimundu, ugonjwa wa kurithi unaofanya chembe nyekundu za damu zipinde kama mundu na kuziba mishipa, wengi huanzia kwenye siku ya maumivu: nimpe nini, nimkande vipi. Huwa nawarudisha nyuma. Usipoujua mwili wa mtoto anapocheza uani, siku ukibadilika hutaona.

Tuanze na bandama. Mlaze chali, magoti ayakunje, tumbo lilegee. Pasha viganja vyako joto, la sivyo atalikaza. Weka vidole chini ya kitovu, kisha panda polepole kuelekea mbavu za kushoto, ukimwambia avute pumzi. Ukigusa ukingo mgumu unaoshuka akivuta pumzi, hiyo ndiyo bandama. Pima kwa vidole vyako: imeshuka vidole vingapi chini ya mbavu? Andika kwenye daftari lake la kliniki. Baba naye ajifunze, maana huu ugonjwa mtoto amerithi kwa wote wawili, na mama hawezi kuwa nyumbani saa zote.

Sababu ni hii: damu inaweza kukwama ghafla ndani ya bandama, hasa kwa mtoto wa chini ya miaka 5. Asubuhi vidole viwili, jioni imefika kitovuni, viganja na ulimi vimepauka, mtoto amelegea. Hapo usingoje kuche. Anaweza kuhitaji damu ndani ya saa chache. Na tafadhali, chale juu ya bandama haziipunguzi. Zinaleta kidonda na vijidudu.

Macho nayo uyazoee. Wengine wana umanjano kila siku, na huo peke yake usikutishe. Angalia kama leo umezidi wa jana.

Homa ndiyo sibishani na mtu. Nunua kipimajoto, weka kwapani; ikifika 38 nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama anacheka. Bandama yake hailindi mwili vizuri, na bakteria wa nimonia au wa uti wa mgongo humwahi haraka. Ukifika mapokezini sema "ana selimundu" kabla hujaulizwa. Kipimo cha malaria kikitoka chanya, kumbusha tena: malaria haizuii mtoto kuwa na maambukizi mengine kwenye damu.

Dawa za kila siku ni za siku nzuri pia. Foliki asidi kila siku, penisilini mara mbili kwa siku hadi atimize miaka 5, chandarua kila usiku, na chanjo zote. Akiandikiwa haidroksiurea, dawa ya kupunguza vipindi vya maumivu, asiikatishe kwa sababu amependeza. Amependeza kwa sababu anaimeza. Inahitaji kipimo cha damu mara kwa mara, kwa hiyo tarehe ya kliniki isipite. Mama mjamzito asifungue kidonge hicho kwa mikono mitupu. Zile dawa za kuongeza damu za dukani, nyingi zina madini ya chuma: usimpe bila kupimwa, hasa kama amewahi kuongezewa damu.

Maji anywe mengi, na hapa ndipo ugomvi wa nyumbani huanzia, kwa sababu atakojoa kitandani, pengine hadi umri mkubwa. Figo zake haziwezi kubana maji kama zako. Ukimchapa unachapa figo. Ukimnyima maji jioni unakaribisha maumivu usiku. Tandika nailoni chini ya shuka, mwamshe mara moja usiku, basi.

Maumivu yakija, paracetamol miligramu 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6. Mtoto wa kilo 20 ni miligramu 300. Chovya kanga kwenye maji ya moto ya kuvumilika, ikamue, mkande. Barafu kamwe, inaziba mishipa zaidi. Usipime maumivu kwa machozi: waliozoea kuumwa hawalii, hunyamaza, huangalia katuni wakiwa hawasogezi mguu. Dawa zisipomtuliza, mlete tumpe zilizo kali zaidi; hatumharibu kwa kumtuliza.

Mambo haya hayasubiri dawa ya nyumbani: kifua kuuma huku anahema haraka, mkono au mguu wa upande mmoja kulegea, mdomo kupinda au maneno kupotea, hata kama yamepita baada ya dakika chache, na kwa wavulana, uume kusimama kwa maumivu bila kutaka. Hili la mwisho huficha kwa aibu hadi linaharibu. Mwambie mapema, akiwa bado mdogo, kwa maneno ya kawaida: ikitokea, kunywa maji, kojoa, niambie hata usiku wa manane. Ikikaribia muda wa saa mbili tangu ianze na haijatulia, hospitali.

Shuleni peleka barua kwa mwalimu wa darasa, fupi, aibandike ofisini: awe na chupa ya maji mezani, asinyimwe ruhusa ya kwenda chooni, asisimamishwe kwenye baridi ya asubuhi bila sweta, asikimbizwe juani kama adhabu. Weka na namba mbili za simu, moja ya mtu anayepokea.